Kikombe cha Unga Kina Gramu Ngapi?

Mapishi yameandikwa kwa gramu, na jikoni mizani hakuna. Tuanze na maji, maana hayana utata. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo kikombe cha mililita 250 kikijaa maji kinabeba gramu 250. Mafuta ya kula ni mepesi kuliko maji, ndiyo maana huelea juu ya mchuzi; kikombe hichohicho cha mafuta kina gramu 230 hivi. Asali ni nzito, inafika 350. Kikombe hupima nafasi, mizani hupima uzito, na kinachoviunganisha ni msongamano, yaani gramu zilizomo katika kila mililita. Zidisha mililita kwa msongamano, utapata gramu.

Kwa vitu vya majimaji hesabu imekwisha. Kazi iko kwenye unga.

Chembe ya unga wa ngano, yenyewe peke yake, ni nzito kuliko maji: kama gramu 1.5 kwa mililita. Kikombe kingejaa chembe tupu, tungepata gramu 375. Lakini chekecha unga, uchote kwa kijiko taratibu mpaka kikombe kijae, upitishe mgongo wa kisu juu yake, kisha upime: gramu 125 hivi. Chembe za gramu 125 zinahitaji mililita 83 tu. Mililita 167 zilizobaki ni hewa!

Sasa kigonge kikombe mezani. Unga unashuka, ukingo unaonekana, na nafasi ya kuongeza imepatikana. Ukiushindilia, kikombe kinaweza kufika gramu 160. Basi maandazi ya vikombe vinne huenda yakawa na gramu 500 za unga, au 640, kwa maji yaleyale. Donge la kwanza litakuwa laini, la pili litakataa kukandika, na hamira italaumiwa bure.

Sukari haisumbui kiasi hicho, kwa kuwa punje zake ni ngumu na hazishindiliki sana. Kikombe kina gramu 210 hivi. Wauza nafaka wa pwani nao walijua kwamba namna ya kujaza hubadili kipimo, wakatofautisha kibaba cha mfuto, kilichosawazishwa juu, na kibaba cha tele.

Majedwali ya vitabuni yasaidie tu kukisia. Kikombe cha mapishi ya Marekani, kwa mfano, ni mililita 237, si 250. Nunua pakiti ya unga ya kilo moja, uchote kwa kikombe chako na kwa namna unayochota siku zote, ukihesabu. Vikitoka vikombe vinane, gawa 1000 kwa 8: kikombe chako ni gramu 125. Vikitoka sita na robo, ni gramu 160. Andika namba hiyo kwenye kifuniko cha kopo la unga, na kikombe hicho usikibadilishe.