Mteja wangu hakurudi: Somo la kikao cha kwanza cha ushauri nasaha



Ndugu msomaji, wiki hii tujifunze jambo ambalo wengi wetu hulifanya bila kulisomea. Jirani anabisha hodi akiwa na mzigo moyoni. Imamu anasimamishwa baada ya swala na mtu mwenye dhiki. Shangazi anaitwa kusikiliza mgogoro wa ndoa. Je, saa ile ya kwanza ya kukaa na mtu huyo tunaitumiaje? Mimi nilisomea ushauri nasaha, lakini aliyenifunza somo hili ni mteja ambaye hakurudi.

Asubuhi ya Jumapili, Desemba 3, 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka. Tope, mawe na magogo vikashuka hadi mji mdogo wa Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Katesh iko kwenye barabara ya kutoka hapa Babati kwenda Singida, na wapo waliokuja huku kuhifadhiwa na jamaa zao. Wiki chache baadaye mzee mmoja, aliyekuwa akiishi kwa mdogo wake, aliletwa kwangu. Nimeficha yanayoweza kumtambulisha. Alisema kichwa kinamuuma, na mvua ikinyesha usiku hapati usingizi.

Dakika kumi hazikwisha, nikaanza darsa. Nikamweleza fadhila za subira, nikamkumbusha kuwa qadar haikwepeki, nikamtaka apunguze mawazo na azidishe dhikri. Hakuna nililosema lililokuwa la uongo. Akaitikia, "Nashukuru sana, ustadhi," akavaa kofia yake, akaondoka. Tuliahidiana Alhamisi. Alhamisi hakuja. Baadaye mdogo wake alinijia mwenyewe, akaniambia: "Kaka anasema maneno yako ni mazuri, ila hukumuuliza hata jina la mtoto wake."

Sikujua hata kama alifiwa na mtoto. Ningejuaje, ilhali nilikuwa nasema mimi tu?

Tangu siku hiyo, kikao cha kwanza nakiendesha hivi.

Kwanza, mahali na lugha. Mteja akae pasipo wapita njia wanaomwona, na ajue mapema kuwa mna kama saa moja. Mteja akiwa mwanamke na mshauri mwanamume, tuchunge khalwa: mlango uwe wazi ila sauti zisifike barazani, au apelekwe kwa mshauri wa kike. Mji wetu una Wairaqw, Wagorowa, Warangi, Wambugwe na wengine. Mtu hununua sukari kwa Kiswahili, lakini msiba wake huenda akaulia kwa lugha ya mama yake. Akihitaji mkalimani, asiwe mtoto wake wala mkwewe.

Pili, siri na mipaka yake. Hili lisemwe mwanzoni, kabla hajafungua moyo. Mimi husema: "Utakayonieleza ni amana. Ila nikiona maisha yako au ya mwingine yamo hatarini, au mtoto anadhuriwa, nitalazimika kutafuta msaada, na nitakuambia kwanza pale inapowezekana." Babati ni mji ambao watu wanakutana sokoni na msikitini. Kwa hiyo naongeza: "Tukikutana nje nitakusalimu kama jirani, sitakuuliza chochote." Utaona mabega ya mtu yanashuka.

Tatu, swali moja, kisha kimya. "Kipi kimekufanya uje leo?" Halafu nyamaza. Ukimya wa nusu dakika utakuchoma wewe kuliko yeye, uvumilie. Yashike maneno yake mwenyewe. Akisema "moyo unakwenda mbio" au "nina mawazo", usimbadilishie kwa jina la ugonjwa ulilosoma darasani. Huko Harare, Zimbabwe, mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha akina bibi kusikiliza wenye dhiki kwenye benchi nje ya kliniki. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Matokeo ya utafiti yaliyotolewa mwaka 2016 yalionyesha kuwa waliohudumiwa na akina bibi hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Nne, swali zito. Wengi wetu tunaogopa kuuliza kuhusu kujiua tukidhani tutampa mtu wazo. Si kweli, kuuliza hakumpandikizii wazo hilo, bali humpa nafasi ya kulitua. Uliza kwa upole: "Waliofikwa na mazito kama haya, baadhi huona heri wafe. Wewe limekupitia?" Akisema ndiyo, usimkemee kwa kumtajia moto. Uliza kama amepanga namna na kama anacho cha kutumia, kama vile sumu ya wadudu iliyowekwa kwa ajili ya shamba. Kiondolewe, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Tano, mwili na tiba alizokwisha jaribu. Muulize kuhusu usingizi, chakula, dawa, ruqya, hata mganga. Usimdharau. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kuhusu afya ya mwili na ya nafsi. Humo alitenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile inayomjia mtu bila kujua chanzo, ambayo aliihusisha na hali ya mwili. Basi anayesomewa ruqya hakatazwi kupimwa presha.

Sita, kufunga kikao. Rudia kwa ufupi uliyoyasikia, kisha uliza: "Nimekuelewa sawasawa?" Akikusahihisha, shukuru. Usimwahidi kupona. Pangeni siku na saa ya kurudi, na umuulize atalala vipi usiku wa leo.

Atasema msomaji: mbona nasaha haimo? Itakuja. Nasaha ina wakati wake, na wakati huo ni baada ya kusikia. Tabibu anayetoa dawa kabla ya kuuliza kinachouma, sisi wenyewe tungemkimbia.

Tuna mabaraza ya usuluhishi wa ndoa yanayotambuliwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, tuna maimamu, tuna walimu wa madrasa. Mtu mwenye dhiki mara nyingi hupita kwao kabla ya kufika hospitali. Tukimfunga mdomo mara hiyo ya kwanza, huenda asibishe hodi tena popote.

Yule mzee sikupata tena fursa ya kumuuliza jina la mtoto wake. Kila anayeketi mbele yangu sasa, ikiwa amefiwa, hilo ndilo ninalouliza kwanza: "Aliitwa nani?"

Wabillahi tawfiq.