SOMO: KILO ZAKO NA MIFUPA YAKO

Ndugu msomaji, ukienda kituo cha afya unaambiwa, "Panda kwenye mzani." Kilo zako zinaandikwa. Je, huwa unazisoma? Leo tuone kilo hizo zinasema nini juu ya mifupa yako.

Mfupa ni kama ukuta wa nyumba ya fito na udongo. Fito za mfupa zinatokana na vyakula vya kujenga mwili, kama maharage, kunde, samaki na mayai. Udongo wake ni madini yanayoitwa kalsiamu. Tunayapata kwenye maziwa, majani ya mlonge, na dagaa wanaoliwa na miba yao.

Ukuta hubomoka, tukaukandika tena. Mfupa nao hukandikwa kila siku. Lakini mtu akizeeka, unaobomoka unakuwa mwingi kuliko unaokandikwa. Kwa akina mama hali hiyo huja haraka zaidi hedhi ikikoma.

MTU ALIYEKONDA SANA

Mvua ikikosekana Handeni, mahindi hukauka. Chakula kinapungua, na mara nyingi mama aliyepika ndiye anayekula mwisho. Mwili ukikonda sana, mfupa nao unakonda, ila hatuuoni. Siku akiteleza kisimani, mkono unavunjika. Bibi akivunjika nyonga anaweza asitembee tena. Basi tukigawa chakula, tusimsahau aliyekipika, wala wazee.

JE, TUNENEPE?

Hapana! Wengine husema unene ndiyo afya. Ni kweli mfupa unaobeba uzito hupata nguvu. Lakini uzito ukizidi, magoti yanaumia, na mtu akianguka anaanguka kwa kishindo. Dawa ni uzito wa kiasi.

TUFANYE HESABU

Mama ana urefu wa meta 1.6.
Zidisha urefu kwa urefu: 1.6 × 1.6 = 2.56.
Kilo za chini: 2.56 × 18.5 = 47 hivi.
Kilo za juu: 2.56 × 25 = 64.
Basi mama huyo asipungue kilo 47, asizidi kilo 64. Mjamzito asitumie hesabu hii. Yeye afuate maelezo ya kliniki.

TUFANYE NINI?

1. Tule vyakula vya kujenga mwili, siyo ugali mtupu.
2. Tutembee na tulime. Kazi huimarisha mifupa.
3. Mzee aliyekonda asibebe ndoo ya lita 20. Maji hayo ni kilo 20, na uti wa mgongo unaweza kupondeka. Abebe kidogo, aende mara mbili, au vijana wamsaidie.
4. Tuache tumbaku, na pombe tusizidishe. Zote hudhoofisha mifupa.
5. Ukipungua kilo bila sababu, nenda kituo cha afya. Wa Korogwe na wa Handeni, usingoje mpaka uanguke.

MASWALI

1. Fito za mfupa zinatokana na vyakula gani?
2. Kwa nini unene uliozidi si mzuri?
3. Pima urefu wako, kisha piga hesabu. Kilo zako zinatosha?
4. Nyumbani kwako, nani hula mwisho?