Nyumba ya Familia Ndoa Inapovunjika

Ndoa ikivunjika, anayeonekana kuwa na nguvu ni yule ambaye jina lake limo kwenye hati ya nyumba. Hati ni ushahidi muhimu, lakini haimalizi shauri. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ya Tanzania kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja. Mahakama huangalia mila za jamii husika, mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, madeni waliyoingia kwa manufaa ya wote wawili, na mahitaji ya watoto wadogo. Ikishayapima hayo, sheria inaitaka ielekee kwenye mgawanyo ulio sawa.

Wapo wanaouliza: mume amejenga kwa mshahara wake, mke asiye na ajira amechangia nini? Mahakama ya Rufani ilijibu mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Na ni haki iwe hivyo. Anayepika, anayefua, anayelea watoto na kuuguza wagonjwa anafanya kazi ambazo zingelipiwa, na fedha hiyo isiyotoka ndiyo inayonunua saruji na mabati. Hata hivyo, Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo, kwa kuwa ilionekana mumewe alikwisha kumpa fedha naye akazitumia vibaya. Kwa hiyo hofu kwamba watu wataolewa ili wavune nyumba haina mashiko: kinachopimwa ni mchango, si cheti cha ndoa. Nyumba ambayo mtu aliijenga kabla ya kuoa au kuolewa huingia kwenye mgawanyo pale tu ilipoboreshwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake, au na wote wawili, wakati wa ndoa.

Mchango usiothibitishwa hupotea. Tunza stakabadhi za vifaa, na wakumbuke mafundi na majirani walioshuhudia ujenzi. Ndoa ikiwa bado hai, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinakataza mwenye nyumba kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Usitie saini makubaliano ya kugawana usiyoyaelewa. Kama huna uwezo wa kumlipa wakili, nenda kwa watoa msaada wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.