Kwa nini waridi la bustani lina petali nyingi?

Katika kikundi chetu cha kujisomea, mada ya jeni za ua huwatisha wengi kwa sababu ya majina yake. Mimi huwaambia wenzangu tuanze na herufi tatu tu: A, B na C.

Ua la kawaida lina maduara manne. Kutoka nje kwenda ndani kuna sepali, yale majani madogo ya kijani yanayofunika tumba. Petali zenye rangi. Stameni zinazotoa chavua. Na kapeli, ambamo mbegu hutengenezwa. Mwaka 1991, Enrico Coen na Elliot Meyerowitz walieleza kwamba makundi matatu ya jeni huamua kila duara liwe nini:

A peke yake: sepali.
A na B: petali.
B na C: stameni.
C peke yake: kapeli.

Ongeza kanuni mbili. Kwanza, A na C huzuiana. Moja ikiondoka, nyingine huchukua eneo lake. Pili, C ndiyo husimamisha ukuaji wa ua.

Sasa tujaribu. C ikiharibika, A huenea hadi katikati. Duara la tatu huwa na A na B, basi badala ya stameni tunapata petali. La nne huwa na A tu: sepali. Na kwa kuwa hakuna cha kusimamisha ukuaji, ua jingine huanza ndani ya lile la kwanza. Ndivyo linavyokuwa ua la mmea wa Arabidopsis lililopoteza jeni iitwayo AGAMOUS. Halina chavua wala mbegu.

Mawaridi yamepita njia ya karibu na hiyo. Waridi la mwituni kwa kawaida lina petali 5 na stameni nyingi. Katika waridi la bustani, eneo la C limebanwa kuelekea katikati, hivyo sehemu nyingi ambazo zingekuwa stameni zimekuwa petali. Uzuri huo una gharama: stameni hupungua.

Kwenye mtihani, usikariri picha. Chora maduara manne, andika herufi chini ya kila moja, kisha soma jibu. Jipime: B ikiondoka, ua litakuwaje? Ukipata sepali, sepali, kapeli, kapeli, umeelewa. Zikiondoka zote tatu, maduara yote hutoa viungo vinavyofanana na majani.

Allah atuzidishie elimu yenye manufaa.