Msumeno wa mnyororo wa urithi: uwashe kwanza, ndipo utangaze

Somo la leo ni kwa wanaouza mashine zilizotumika mtandaoni, hasa zile zinazotoka majumbani.

Kuna mzigo mmoja unakuja sana. Mzee amefariki, ameacha msumeno wa mnyororo stoo, miaka kumi haujaguswa. Familia inakwambia, "Tuuzie huo." Ukiutangaza ulivyo, wa kwanza kukupigia ni watu wa chuma chakavu. Ukiandika "mzima kabisa" bila kuujaribu, mpasua mbao wa Mafinga ataununua, utamzimikia porini siku ya pili akiwa ameshakula advansi ya watu, na jina litakalochafuka ni la kwako.

Njia sahihi ni hii: pima, tengeneza kinachotengenezeka, halafu uza ulichokiona kwa macho yako.

Mfano wetu ni Stihl 070, mashine ya Kijerumani ya zamani yenye injini ya cc 106 hivi, inayotumia petroli iliyochanganywa na oili. Misumeno mingine ya zamani inafuata mtiririko huohuo.

KABLA YA SPANA: NI YA NANI?

Mali ya marehemu si ya aliyekaa na ufunguo wa stoo. Uliza msimamizi wa mirathi ni nani, na ndugu wengine wanajua? Andikeni makubaliano, mashahidi wawepo, piga picha namba ya mashine. Ukiruka hapa, utatengeneza mashine kwa hela yako halafu shangazi anakuja kuichukua.

HATUA YA 1: ANGALIA PISTONI

Usianze kuvuta kamba. Fungua ekzosi, mulika tochi kwenye tundu la moshi, zungusha injini taratibu. Pistoni ikiwa laini, endelea. Ukiona michirizi mirefu ya kukwaruzika, injini iliwahi kukosa oili au kupata joto kali. Hapo simama upige hesabu, maana huenda mashine hiyo ikauzika vizuri zaidi kama spea.

Kama pistoni ni nzima, toa plagi, dondoshea oili kidogo sana kwenye tundu lake, vuta kamba polepole mara chache. Halafu rudisha plagi uvute tena. Unatakiwa kusikia mkono unakatazwa, kisha unaachiwa. Kama kamba inakuja laini tu, presha imeondoka. Mashine ikiwa na kitufe cha kupunguza presha, hakikisha hakijabonyezwa wakati unapima.

HATUA YA 2: MOTO WA PLAGI

Weka plagi mpya, nafasi yake iwe milimita 0.5. Kabla ya kuifunga kwenye silinda, ichomeke kwenye waya wake, gusisha chuma chake kwenye mwili wa injini mbali na tundu na petroli, kisha vuta kamba. Cheche ya bluu ni nzuri. Hakuna cheche? Kata kwanza waya wa swichi ya kuzimia ujaribu tena, maana swichi mbovu inaua moto. Mashine nyingi za zamani zina pointi nyuma ya flaiwili, nazo zikikaa miaka zinaota kutu. Mara nyingi zinahitaji kusafishwa tu.

HATUA YA 3: MAFUTA

Mwaga mafuta yote ya zamani. Petroli iliyokaa sana inageuka gundi na kuziba kabureta. Toa mpira wa mafuta, ukunje. Ukipasuka, badilisha. Badilisha na chujio lililo ndani ya tangi. Fungua kabureta, angalia ile ngozi nyembamba ya ndani: ikiwa ngumu kama karatasi, haivuti mafuta tena. Nunua seti ya kabureta, usihangaike kuilainisha.

Mchanganyiko: kama unatumia oili ya kawaida ya 2T yenye daraja la TC, weka mililita 40 kwa kila lita moja ya petroli, yaani 1 kwa 25. Usikisie kwa kifuniko cha soda. Oili ikipungua, pistoni inakufa.

Ukitaka kujua tatizo liko wapi, dondosha matone machache ya mchanganyiko kwenye tundu la plagi, funga plagi, vuta. Ikiwaka sekunde mbili ikazima, moto upo na presha ipo, shida ni mafuta hayafiki. Isipowaka kabisa, rudi hatua ya 1 na ya 2.

HATUA YA 4: IKIWAKA, SIKILIZA

Jaribu nje, kwenye hewa. Ikipiga kelele yenyewe na haishuki hata ukiachia kifyatulio, ZIMA haraka. Inavuta hewa mahali, mara nyingi sili za krenki zimekauka. Ukiiacha hivyo, pistoni uliyoikuta nzima utaiua mwenyewe.

Ikitulia, mnyororo usizunguke wakati hujabonyeza. Kisha elekeza ncha kwenye boksi la karatasi bila kuligusa, bonyeza. Ukiona mstari wa oili kwenye boksi, pampu ya oili ya mnyororo inafanya kazi.

HATUA YA 5: HESABU

Panga kikomo kabla ya kununua kifaa cha kwanza. Tuseme, kwa mfano tu, chuma chakavu wanakupa 60,000. Ikiwa inawaka utaiuza 350,000. Vifaa 70,000, fundi 40,000. Unabaki na 240,000, yaani 180,000 zaidi ya chuma chakavu. Inalipa. Lakini ikihitaji silinda na pistoni mpya, hesabu inaweza kugeuka. Usiendelee kutia hela kwa sababu tu umeshatia nyingine.

HATUA YA 6: TANGAZO

Piga video ikiwashwa IKIWA YA BARIDI. Mashine iliyopashwa moto kabla ya video inadanganya, na mnunuzi mzoefu anajua. Onyesha pistoni, cheche, mstari wa oili, namba ya mashine. Kwenye maneno, weka "msumeno wa mnyororo" na "chainsaw" vyote viwili, kwa sababu wateja wanatafuta kwa yote.

Andika hivi: "Stihl 070 ya zamani. Imebadilishwa plagi, mpira wa mafuta, chujio na ngozi ya kabureta. Inawaka ya baridi, tazama video. Mnyororo umechoka. Haina breki ya mnyororo."

Hiyo sentensi ya mwisho usiifiche. 070 nyingi za zamani hazina breki ya mnyororo. Ncha ikigonga gogo, mashine inaruka kuelekea usoni kwa mtumiaji, na hakuna cha kuusimamisha mnyororo. Anayenunua lazima ajue kabla hajalipa. Kama hajawahi kushika mashine ya aina hiyo, mwambie ukweli kwamba haimfai ya kujifunzia. Utakosa mauzo ya siku moja, ila hutapigiwa simu kuwa mtu amelazwa.

Mkumbushe pia kwamba kuvuna miti kunataka kibali. Utaratibu wa msumeno wenyewe, nyote wawili muulizie kwa afisa misitu wa wilaya au TFS kabla ya kukabidhiana.

KAZI YA LEO: kama una mashine ya urithi stoo, fungua ekzosi tu, mulika tochi, piga picha pistoni. Tuma hapa chini tuisome pamoja kabla hujatoa hata shilingi.