Kutoka heksadesimali hadi bainari kwa JavaScript: ɛ na ɔ zinapoharibika

Mwanafunzi anayechapa hadithi za Kilingala kwenye kompyuta hukutana mapema na ajabu moja. Ameandika mɔtɔ, yaani moto wa kuni, faili ikifunguliwa kwenye mashine nyingine, pale pale pana mÉ”tÉ”. Wengi hulimaliza jambo hilo haraka: hufuta takataka zile na kuweka o. Basi mɔtɔ inageuka kuwa moto, na moto kwa Kilingala ni mtu. Mwalimu atakayesoma ukurasa huo ataona mtu amewashwa chini ya chungu. (Mwandiko kamili ni mɔ́tɔ, wenye alama ya toni ya juu, hapa tunaiacha toni ili tushughulike na irabu peke yake.)

Takataka zile si takataka. Ni herufi yetu iliyosomwa vibaya, na anayejua kugeuza heksadesimali kuwa bainari anaweza kuitambua na mara nyingi kuirudisha. Hilo ndilo somo letu, na chombo chake ni JavaScript.

Kompyuta haihifadhi herufi, inahifadhi namba. Yunikodi, orodha ya kimataifa ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991, imeipa kila herufi namba yake, na kwa desturi namba hiyo huandikwa kwa heksadesimali: ɛ ni U+025B, ɔ ni U+0254. Zote mbili zimo katika fungu la alama za fonetiki linaloanzia U+0250. Herufi zao kubwa, Ɛ na Ɔ, hazikai pamoja nazo. Ni U+0190 na U+0186.

Heksadesimali ina tarakimu 16: kutoka 0 hadi 9, kisha A inasimama kwa 10, B kwa 11, na hivyo hivyo mpaka F ambayo ni 15. Kwa kuwa 16 ni 2 × 2 × 2 × 2, kila tarakimu moja ya heksadesimali inalingana na biti 4, hazizidi wala hazipungui. Kwa hiyo 025B hugeuzwa tarakimu kwa tarakimu: 0 ni 0000, 2 ni 0010, 5 ni 0101, B ni 1011. Ukiziunganisha unapata 0000 0010 0101 1011. Tafsiri ya neno kwa neno, ile ambayo walimu wetu huikata kwa wino mwekundu, hapa ndiyo iliyo sahihi. Namba yetu ya kawaida haikubali hivyo: 025B kwa desimali ni 603, na hakuna njia ya kugeuza 6, halafu 0, halafu 3, kila moja kwa upande wake. Itakulazimu kugawanya kwa 2 tena na tena.

Sasa tuiachie mashine kazi. JavaScript, lugha iliyobuniwa na Brendan Eich mwaka 1995 alipokuwa Netscape, imo ndani ya kila kivinjari. Kwenye vivinjari vingi vya kompyuta bonyeza F12, chagua konsoli, uandike. Intaneti haihitajiki, wala hakuna programu ya kununua.

parseInt("025B", 16).toString(2)

Sehemu ya kwanza inasoma maandishi 025B kama namba ya mfumo wa 16. Sehemu ya pili inaiandika namba hiyo katika mfumo wa 2. Usiisahau ile 16: ukiiacha, parseInt itasoma kwa desimali, itafika kwenye B, itasimama, na itakupa 25 bila kulalamika.

Jibu la mstari wetu ni 1001011011. Hesabu tarakimu zake: ni 10, wakati kwa mkono tulipata 16. Sifuri 6 za mwanzo zimetupwa. Mwanahisabati hajali, kwa sababu thamani ni ile ile. Sisi wa lugha tunapaswa kujali, na tunayo sababu ya kuelewa upesi kuliko wengine. Katika neno tunda hakuna kiambishi kinachosikika, lakini tukilitazama pamoja na matunda tunaandika mofimu kapa mahali pale, kwa maana nafasi ipo hata kama haina sauti. Sifuri za mwanzo ni hivyo. Hazina thamani, zina nafasi, na bila nafasi hizo hatutajua pa kukata. JavaScript huzirudisha hivi, tangu toleo la lugha hiyo la mwaka 2017:

parseInt("025B", 16).toString(2).padStart(16, "0")

Kwa maandishi marefu mimi napendelea kufuata njia ya mkono, tarakimu kwa tarakimu:

function bainari(hex) {
  return [...hex].map(h => parseInt(h, 16).toString(2).padStart(4, "0")).join(" ");
}

Andika bainari("C99B") na utaona 1100 1001 1001 1011. Njia hii ina faida mbili. Kwanza, haitengenezi namba moja kubwa, kwa hiyo haiguswi na kikomo cha JavaScript, ambayo namba zake za kawaida haziaminiki kikamilifu zikipita 9007199254740991. (Ukilazimika kugeuza namba kubwa kwa mkupuo, tumia BigInt("0x" + hex).toString(2), kisha ongeza sifuri mwenyewe.) Pili, kosa linaonekana. Ukiacha nafasi katikati, yaani "C9 9B", function yetu itaonyesha 0NaN mahali pa nafasi hiyo, sura mbaya ambayo huwezi kuipita. Lakini parseInt("C9 9B", 16) inasimama kimya kwenye nafasi na kukupa 201, yaani C9 peke yake. Nusu ya data imekwenda, na hakuna aliyekuambia.

Tumefika kwenye faili yenyewe. Maandishi mengi leo huhifadhiwa kwa UTF-8, mpango uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992. Ndani yake kila baiti, yaani kila kundi la biti 8, ina kitu ambacho mwanafunzi wa lugha za Kibantu atakitambua mara moja: kiambishi awali. Baiti inayoanza na 0 ni herufi kamili inayojitegemea, kama m na t za neno letu. Inayoanza na 110 inatangaza kwamba herufi ina baiti 2; 1110 ni baiti 3, 11110 ni baiti 4. Inayoanza na 10 ni mwendelezo, haiwezi kusimama peke yake.

Herufi ya baiti 2 ina nafasi 11 za kujaza: 5 baada ya 110, na 6 baada ya 10. Hapa ndipo sifuri zinapodai haki yao. Biti 10 tulizopata kwa ɛ ni 1001011011. Ukizikata hivyo hivyo kutoka kushoto unapata 10010 na 11011. Kundi la pili lina biti 5 badala ya 6, na la kwanza ni kosa tupu. Ongeza sifuri moja mbele zifike 11, na mkato unakaa sawa: 01001 na 011011.

const b = parseInt("025B", 16).toString(2).padStart(11, "0");
"110" + b.slice(0, 5)
"10" + b.slice(5)

Majibu ni 11001001 na 10011011. Yageuze kurudi heksadesimali, kwa parseInt("11001001", 2).toString(16) na mwenzake, upate c9 na 9b. Fanya vile vile kwa 0254 na utapata c9 na 94.

Sasa fumbo la mwanzo linafunguka. Programu inayodhani faili imeandikwa kwa mpango wa zamani wa Windows-1252 haijui viambishi hivi. Kwake kila baiti ni herufi nzima: C9 ni É, 94 ni alama ya kufunga usemi ”, 9B ni ›. Kwa hiyo ɔ inaonekana É” na ɛ inaonekana É›. Unaweza kuuona uharibifu huo ukitokea mbele ya macho yako:

new TextDecoder("windows-1252").decode(new TextEncoder().encode("mɔtɔ"))

Tiba yake, kama faili haijahifadhiwa upya, ni kuifungua tena na kuchagua UTF-8. Kama imeshahifadhiwa ikiwa imeharibika, andiko.replaceAll("É”", "ɔ") itarudisha irabu zote mara moja. Tahadhari moja kwa wanaochanganya Kilingala na Kifaransa: kichwa cha habari kama “LIBERTÉ” kinaishia kwa É ikifuatwa na alama ya kufunga usemi, na replaceAll itakiharibu bila huruma. Pitia kwanza maneno ya herufi kubwa.

Kuna uharibifu mwingine unaofanana na huu kwa macho lakini hauna tiba. Ukiwa na mɔtɔ sahihi kwenye kioo na ukaihifadhi kwa mpango usio na ɔ, programu nyingi huweka alama ya kuuliza: m?t?. Jaribu bainari("3F"), namba ya alama hiyo: 0011 1111. Ɔ, ɛ, au herufi nyingine yoyote isiyojulikana, zote zimekuwa biti hizo hizo 8, na hakuna hesabu inayoweza kuzitenganisha tena. Itabidi kurudi kwenye daftari au kwa msimulizi, kama yupo bado. Kwa hiyo mtu akikuletea faili yenye É” nyingi, usimwonee huruma sana, akikuletea yenye alama za kuuliza, muulize kwanza kama ana nakala ya zamani.

Zoezi: chukua Ɔ kubwa, 0186, na utafute baiti zake 2 kwa mkono kabla ya kuigusa konsoli. Ukipata C6 na 86, umeshika njia. Halafu geuza 0301, ile alama ya toni ya juu tuliyoiacha mwanzoni, na uhesabu mɔ́tɔ inachukua baiti ngapi ikiandikwa kamili.