Kuvaa Uhusika, Kuuvua

Igizo dhima, liwe la darasani au la wapenzi wawili watu wazima waliokubaliana, lina kazi mbili: kuvaa uhusika, kisha kuuvua. Wengi wetu tunajua ya kwanza tu.

Hebu tutazame Stanford, Marekani, Agosti 1971. Vijana walijitolea kuigiza askari magereza na wafungwa kwa wiki mbili, dola 15 kwa siku. Siku ya sita igizo likasitishwa. Utafiti ule umekosolewa sana, lakini mimi naona somo liko kwa Profesa Philip Zimbardo mwenyewe. Alijipa cheo cha mkuu wa gereza. Mfungwa mmoja alipoomba kutoka, Zimbardo akamshawishi awe mtoa habari wake! Ombi la mtu halisi lilisikika kama ombi la mfungwa. Ridhaa ilikuwepo, tena kwa maandishi. Masikio ndiyo yaliyozama kwenye uhusika.

Basi kabla hamjaanza, chagueni neno lisilo na nafasi kwenye hadithi, mathalani "nanasi", maana "hapana" inaweza kuwa sehemu ya mchezo. Likitamkwa, kila kitu kisimame papo hapo, bila maswali. Baadaye iteni majina yenu halisi, mnywe chai, muulizane nani bado hajarudi.